Sanda kwa Kibali

Wako watu wanaopenda kusema kwamba zamani serikali ilikuwa inasikiliza wananchi. Nikiwasikia nakohoa makusudi. Ilimsikiliza nani? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeachika, nimerudi kwa mama yangu na kikapu kimoja na ulimi wangu, na kwa miezi mitatu mizima nilihangaika kutoka kijijini kwetu, upande wa Msimbu, mpaka Kisarawe, na kutoka Kisarawe mpaka Kibaha, natafuta kitambaa cheupe cha kumzikia mama yangu ambaye alikuwa bado hajafa. Nikifika hapo vijana huwa wanacheka. Chekeni tu. Nyie mmezaliwa maduka yamejaa.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, kila kitu kimeadimika. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa unayapata kwa kujuana. Kijiji kilikuwa na duka moja tu, duka la kijiji, yaani letu sote, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe. Duka la mtu unamtukana mwenyewe, unaondoka zako. La kijiji ukilitukana unaambiwa unajitukana mwenyewe, na juu yake unapinga Ujamaa. Basi tukawa tunanyamaza, tunapanga foleni kwenye duka letu wenyewe kama watu waliokuja kuomba.

Vitu vilikuwa vinagawiwa na kamati. Bafta, ile nyeupe nyembamba ya sanda, iliwekewa sheria ya peke yake, kwa sababu watu walikuwa wakiinunua wanashonea mashati na magauni ya watoto, mtu akifa haipo. Kamati ikakaa, ikaamua: bafta haitoki dukani mpaka mtu awe amekufa. Ndugu wa marehemu aende kwa balozi wa nyumba kumi, balozi aandike barua ya kuthibitisha kifo, mwenyekiti wa kijiji apige muhuri, ndipo muuza duka akate. Nitasema kweli, siku ilipotangazwa nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu hata.

Sikufikiri. Na wao hawakufikiri, au walifikiri wakaona haiwahusu. Kwetu mtu mzima hangoji kufa ndipo atafutiwe sanda. Bibi zetu na mama zetu walikuwa wanaiweka sandukuni miaka na miaka kabla, pamoja na karafuu maiti na udi na kichupa cha marashi. Mara moja kwa mwaka mwanamke anaitoa sanda yake, anaianika uani, anaikunja, anairudisha, huku anapiga soga na jirani kuhusu bei ya muhogo. Hakuna anayelia. Anayelia ni yule asiyekuwa nayo. Na maiti kwetu hailali. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri haimkuti juu ya ardhi ikiwezekana. Sasa wewe niambie, balozi yuko shamba, mwenyekiti yuko Kisarawe mkutanoni na muhuri wake mfukoni, muuza duka amefunga, na maiti yuko ndani. Kijiji cha jirani walimzika mzee mmoja na pazia la dirisha.

Mama yangu alikuwa na sanda yake. Mwaka tulipohamishwa kuletwa kijiji cha Ujamaa, lori la serikali lilibeba vyombo vyetu, na sanduku la mama nililipakia kwa mikono yangu. Lilipanda, halikushuka. Yule bwana aliyekuwa anasimamia uhamishaji alisema litafuatiliwa. Mpaka leo linafuatiliwa.

Basi mama akaanza kuvimba miguu. Zahanati walisema ni moyo, wakampa vidonge vikaisha, vingine havikuja. Akawa mtu wa kitandani. Na kila asubuhi nikimpelekea uji haulizi dawa, haulizi nani kaja kumtazama. Anauliza, "Umepata?" Nasema bado. Anasema, "Usije ukanizika na gunia, mwanangu." Mtu anayeambiwa hivyo kila siku na mama yake, akiwa na damu mwilini, atakaa?

Nikaenda dukani. Muuza duka alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, ananijua na namjua, lakini akishasimama nyuma ya kaunta ile ya mbao alikuwa hamjui mtu.

"Marehemu ni nani?" akauliza.

"Hakuna marehemu. Ni mama, anaumwa."

"Mgonjwa anapewa dawa, hapewi sanda."

"Bafta ipo?"

"Kama ipo au haipo, utajua ukileta barua."

Nikaenda kwa balozi. Balozi wetu alikuwa mzee mwema, mwoga, nyumba yake imepakana na yetu kwa ua. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza. Akavaa miwani yake yenye kamba, akatoa karatasi, akabaki ameshika kalamu. "Sasa niandike nini, mwanangu? Hajafa." Nikamwambia andika chochote, wewe andika tu. Maskini ya Mungu, akaandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba anathibitisha kuwa mtajwa hapo juu, mkazi wa nyumba kumi zake, yumo njiani kufariki, na anaomba asaidiwe mapema.

Hiyo barua niliipeleka kwa mwenyekiti na nilikuwa na matumaini nayo. Mwenyekiti hakuwa mtu wa mbali. Nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama yake na mama yangu waliwekwa ndani na kuchezwa mwali pamoja, wakatolewa nje siku moja, na mpaka uzeeni walikuwa wakiitana kwa majina ya utani ambayo siwezi kuyasema hapa. Mwenyekiti akaisoma barua mara mbili, akaiweka mezani.

"Aliye njiani hajafika, dada."

"Mwenyekiti, wewe unamjua mama. Umekula kwake."

"Namjua, na namheshimu. Lakini nikikupa wewe bila maiti, kesho watakuja wazee wote wa kijiji hiki."

"Basi si uwape wote! Wote watakufa!"

"Sheria ni sheria. Tuliipitisha pamoja, na nilikuona ulivyopiga makofi."

Loo! Hapo alinipata. Nilitoka pale sioni njia. Laiti ningekuwa mwanamume ningempiga.

Kesho yake nikashika njia ya Kisarawe. Nilikwenda kwa miguu mpaka nikapata lori la mkaa. Ofisini nilizungushwa chumba hadi chumba, mwisho mama mmoja mwenye huruma akanifungulia jalada akanionyesha kwamba kijiji chetu kilishachukua jora zima la bafta mwezi uliopita. Jora zima! Na tangu hapo kijijini walikuwa wamekufa watu wawili. Nikamuuliza yule mama, sasa hilo jora liko wapi? Akafunga jalada. Akasema hilo si la kumuuliza yeye, niandike malalamiko niyapeleke mkoani.

Kuandika nilikuwa najua. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, na mtoto mgongoni, Mungu amrehemu. Nikaandika kurasa mbili. Sikumung'unya maneno. Niliandika kwamba mwenyekiti na muuza duka wake wanakalia sanda za watu, na kwamba sheria yao inamtaka mtu afe kwanza ndipo athibitishe shida yake.

Sasa Kibaha ni mkoa mmoja na Kisarawe, lakini jaribu kwenda. Unapanda basi mpaka Dar es Salaam, yaani unatoka mkoani kwako kabisa, unavuka mji wa watu, halafu unashika barabara ya Morogoro kurudi mkoani kwako upande wa pili. Kila nikifikiri hilo jambo nacheka kwa hasira. Nililala kwa shangazi yangu aliyeolewa Kongowe, hii ya Kibaha, siyo ile ya kule Mbagala, na asubuhi nikawa mtu wa kwanza mlangoni.

Ofisi iliyokuwa inapokea malalamiko ya wananchi ilikuwa na karani mmoja amevaa suti ya Kaunda, safi, mpole, anazungumza taratibu. Akaipokea barua yangu kwa heshima. Akasoma kichwa cha barua tu. Akanirudishia.

"Haijapitia kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Namshitaki mwenyekiti wa kijiji."

"Nimeona, ndugu. Lakini ni lazima ipitie kwake, aandike maoni yake, apige muhuri. Kisha kata, kisha wilaya. Ndipo itufikie sisi."

"Kwa hiyo mwizi akiniibia kuku, barua ya kumshitaki nimpelekee yeye kwanza atie saini?"

Akafikiri. Wallahi alifikiri, hakuwa ananitania. Akasema, "Mwizi si ngazi ya uongozi."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kunitoka bila kicheko. Yule karani akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwisho wa mwezi kuna mgeni atatoka mkoani kuja vijiji vya upande wetu kusikiliza shida za wananchi, na mbele ya mgeni huyo mtu yeyote anaruhusiwa kusema, bila kupitia kwa mtu. "Msubiri huyo," akasema. Nikarudi na barua yangu mkononi, nimevuka mikoa miwili kwenda na kurudi kuambiwa nisubiri.

Nilimkuta mama bado yupo. Hakuniuliza. Alinitazama mikono tu.

Wiki ya mgeni ilipofika kijiji kilifagiliwa mpaka vichochoro. Na maswali yakagawiwa. Ndiyo, yaligawiwa, siku mbili kabla, kamati ilipita nyumba kwa nyumba: wewe utauliza habari ya barabara, wewe utauliza dawa ya mikorosho, wewe mama utasimama kushukuru. Kwangu hawakufika. Walipita wakaangalia upande mwingine.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Walileta meza mbili za darasani wakaziunganisha, wakazitandika kitambaa cheupe, wakapanga soda na sahani ya kuku na chupa ya chai. Mimi nilikaa na wanawake chini, mbele kabisa. Mwenyekiti akasoma taarifa ya maendeleo. Yule wa barabara akauliza barabara. Yule wa mikorosho akauliza dawa. Mgeni alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, anaandika kila kitu kwenye kijitabu, ameweka viwiko mezani. Na mimi nikawa natazama kile kitambaa kwa sababu ndicho kilichokuwa usawa wa macho yangu. Kilikuwa kipya. Mikunjo ya jora ilikuwa bado haijatoka. Kimekunjwa mara mbili, na bado kinafika chini.

Nikasimama. Mgambo mmoja akanishika bega, nikamwambia we, niachie, nimezaa wakubwa kuliko wewe, ingawa si kweli.

"Ndugu mgeni," nikasema, "naomba unyanyue viwiko."

Akanitazama.

"Nyanyua viwiko, baba. Hiyo uliyoegemea ni sanda."

Bibi waliokaa nyuma yangu wakaitikia wote kwa pamoja, "Laa ilaaha illa Llah!" na yule mgeni akanyanyua viwiko. Akaondoa na kalamu. Akaondoa na kofia yake. Mimi nikaendelea, sikunyamaza, nikaeleza barua ya balozi, muhuri, jora la Kisarawe, karani wa Kibaha, mama yangu kitandani anayeuliza kila asubuhi. Nilipomaliza mgeni akamgeukia mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kitambaa cha kijiji, ndugu," mwenyekiti akajibu. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Tumekitandika kwa heshima yako."

"Mpeni huyu mama," mgeni akasema.

Basi zikaondolewa soda, moja moja, mbele ya watu mia na zaidi. Sahani ya kuku ikashikwa na muuza duka mikononi, hajui aiweke wapi. Kitambaa kikavutwa, nikakikunja palepale, nikakipakata. Nilijiona nimeishinda serikali nzima. Halafu mgeni akauliza, na hili ndilo ambalo sijawahi kumsimulia mtu hivi hivi mpaka leo. Akauliza, "Kuna mwingine mwenye shida kama hii?"

Wazee wakanitazama mimi. Bibi wale walionisaidia kwa "Laa ilaaha" yao, wote bila sanda, wote wanajua kwamba mdomo uliokwisha kufunguka ni wangu. Ilikuwa ni kusema neno moja tu: sote. Ilikuwa ni kusema, ndugu mgeni, ifuteni hii sheria ya barua. Nikakaa chini. Nilishapata yangu. Nilikuwa nafikiria namna mama atakavyoipokea, hayo mengine sikuyafikiria kabisa. Mgeni akasubiri kidogo, akafunga kijitabu, akala kuku wake juu ya mbao tupu, akaondoka. Sheria ikabaki vilevile.

Mama aliishika ile bafta kwa mikono yote miwili. Ilikuwa na doa la soda ya machungwa, sisimizi wakaifuata mpaka chumbani. Niliifua mara tatu, nikaianika uani, na mama akaniomba nimfungulie mlango aione ikipepea. Usiku ule hakukohoa sana. Kuanzia asubuhi iliyofuata hakuniuliza tena kitu, akawa anakunywa uji wake wote, ananisema kwamba chumvi imezidi.

Kijijini nikawa na sifa. Mwenyekiti akawa haniamkii wala simwamkii. Dukani nikifika wa kwanza napewa wa mwisho. Bibi mmoja alinipita kisimani akasema, "Wewe umepata, bwana," akaendelea na njia yake. Nikasema moyoni, ana wivu. Nilikuwa mjinga wa kujiamini, na hakuna mjinga mbaya kama huyo.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja niko uani namenya muhogo, nikamwona mwenyekiti amesimama nje ya ua wetu. Hakuvaa viatu. Macho mekundu.

"Dada," akasema. "Mama amefariki. Alfajiri hii."

Binadamu hapo anasema nini? Anasema inna lillahi, anasema pole. Mimi nilingoja, nione amekuja kutaka nini.

"Duka halina kitu," akasema. "Jora limekwisha. Nimemtuma mtu Kisarawe, hata huko hakuna. Nimekuja kwako, dada yangu. Kama utanistiri, nitakutafutia nyingine, kwa Mungu nitakutafutia."

Nikaendelea kumenya. Nikamaliza muhogo mmoja, nikachukua mwingine. Kisha nikamwambia:

"Barua ya balozi iko wapi?"

Hakuelewa kwanza. "Dada."

"Barua ya kuthibitisha kifo. Iwe na muhuri. Bila muhuri mimi sikati."

Ilikuwa tamu. Sitadanganya kwa sababu nimezeeka na nataka nionekane mtu mwema. Ilikuwa tamu kuliko ile siku ya mgeni. Nilimwona mtu aliyenirudisha kwa miguu yangu amesimama peku kwenye mchanga, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kaunta. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ya basi, akageuka akaenda zake.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka ndani.

"Mtu tu."

Lakini kilio kilikuwa kimeshaanza nyumba ya nne, na mama masikio yake yalikuwa mazima. Akaniita. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia. Akafumba macho, akalitaja lile jina la utani, taratibu, mara mbili. Kisha akauliza mtoto wa huyo mwenzake alikuwa anataka nini. Nikamweleza, na nilimweleza kwa majigambo, nikiigiza sauti yake alivyosema "dada". Nilidhani atacheka nami.

Mama akasema, "Nishushe."

"Nikushushe uende wapi?"

"Nishushe kitandani, nimesema."

Miguu ilikuwa haimbebi, alijikokota sakafuni kwa makalio mpaka kwenye kisanduku nilichomtafutia, akakifungua, akaitoa bafta. Alikuwa anahema vibaya. Nikamwambia mama, na wewe je? Wewe utazikwa na nini? Akasema, "Mimi bado napumua. Mwenzangu hapumui. Nilikaa naye ndani miezi mingapi, tunalala mkeka mmoja, ananisuka, namsuka. Leo aende kwa Mola wake uchi kwa sababu wewe unataka muhuri?"

Nikanyoosha mkono nimnyanyue, akausukuma.

"Kazi ya wale watu umeijua vizuri sana," akasema. "Ningejua unachotafuta ni cheo, ningekuombea cheo. Nisingehangaika kukuombea sanda."

Akanirushia kitambaa. Hakunipa, alinirushia. Mama yangu hakuwahi kunitupia kitu tangu nizaliwe.

Nikakibeba. Nyumba nne si mbali, lakini siku ile kila mtu alikuwa nje, na kila mtu alijua nimebeba nini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya ukuta wa nyumba ya mwenyekiti, wanawake ndani na maji yao ya kuoshea, wanasubiri. Nikamwona balozi wetu na miwani yake ya kamba, anafunika kalamu. Na mwenyekiti pembeni yake, na muhuri juu ya mkeka, na kile kidau cha wino. Alikuwa amekwenda kwa balozi kweli. Alikuwa amechukua barua ya kuthibitisha kifo cha mama yake na kuipiga muhuri kwa mkono wake mwenyewe.

Aliponiona akasimama. Akaja mpaka nilipo, akanipa ile karatasi kwa mikono miwili, mbele ya watu wote.

"Barua hii hapa, dada."

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka. Hapakuwa na dhihaka. Bora ningeiona, ningejua la kufanya. Nilitaka kusema sikuitaka, nilitaka kusema nimetumwa na mama, lakini ulimi wangu, ulimi huu uliofika Kibaha, haukutoa kitu. Wino ulikuwa haujakauka. Nikaipokea barua, ndipo nikampa sanda.

Wanawake wakamvisha marehemu, akazikwa kabla ya adhuhuri. Nilikaa matangani siku tatu, nikachota maji, nikaosha masufuria, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisemesha. Mama naye alinisemesha baada ya wiki, na kwanza alianza kwa kuuliza habari ya kuni.

Sheria ya barua iliendelea mpaka duka lilipofungwa kabisa kwa kukosa vitu. Hakuna mgeni aliyerudi kuuliza. Mwenyekiti alitafuta bafta kama alivyoahidi, najua alitafuta, alifika mpaka Mlandizi akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mama yangu alipokufa, mwanzo wa msimu wa korosho, saa tatu asubuhi akiwa anataka kuniambia neno, ndani mlikuwa na shuka yangu moja ya maua na kanga mbili. Sikwenda kwa balozi. Sikwenda kwa mtu. Nilikaa kizingitini nikiipasua ile shuka kwa meno, nikipiga hesabu gani sijui, sanda ya mwanamke ni mapande matano.

Mwenyekiti akaingia uani bila kubisha hodi. Alikuwa amebeba shuka nyeupe ya kitandani. Ilikuwa bado ina joto. Pembe moja ilikuwa na doa la kutu la waya wa kuanikia, na nyuma yake, nje ya ua, nikamsikia mkewe akiuliza watalalia nini. Akaninyooshea. Nikaishika, tukaikunjua pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu, tukaanza kufumua pindo. Sikumwambia ahsante, na yeye hakuisubiri.